Rejesho la Kila Juma Halijengi Kiwanda

Kila panapozungumzwa habari za vijana wasio na kazi katika mji wetu wa Dar es Salaam, dawa inayotajwa kwanza siku hizi ni mkopo. Mikutanoni husemwa, bungeni husemwa, na katika mabango ya wakopeshaji yaliyobandikwa toka Mnazi Mmoja hadi Msimbazi husemwa kwa herufi kubwa kuliko zote: kijana apewe mtaji, naye atajiajiri. Sisi hatuna ugomvi na mkopo. Mtu asiye na kitu hawezi kuanza kitu ila apewe au aazimwe, na kumwazima ni kumheshimu zaidi kuliko kumpa. Lakini twaona yafaa kuuliza jambo ambalo wenye mabango hawapendi kuulizwa. Mkopo huo, kwa masharti yake yalivyo, humwelekeza kijana kwenye kazi gani?

Atakaye jawabu na aende Mtaa wa Kongo asubuhi. Atawakuta vijana wenye nguvu, wengi wao wamesoma, wamesimama bega kwa bega na mizigo yao mikononi: soksi, vifuniko vya simu, mikanda, nguo za watoto. Kumi wanauza kitu kile kile, kwa bei ile ile, kwa mpita njia yule yule. Bidhaa zenyewe hawakuzifanya wao wala jirani yao; zimeshuka bandarini katika makontena, zimelala kidogo katika maghala, na sasa zinatafuta miguu ya kuzitembeza. Mmoja akiuza, tisa hawakuuza. Ongeza wengine kumi wenye mikopo mipya, na wanunuzi hawataongezeka hata mmoja. Huko si kupunguza ukosefu wa kazi. Ni kuugawa vipande vidogo vidogo ili kila mtu apate chake.

Wala mkopo si kitu kigeni Kariakoo. Kabla mashirika ya mikopo hayajafungua ofisi zake, mwenye duka alikuwa akimpa mchuuzi mali asubuhi kwa neno la mdomo tu, naye mchuuzi hurudi jioni na fedha. Watu wa sokoni huiita mali kauli, na hadi leo ndiyo mkopo wa vijana wengi kuliko mkopo wa benki yoyote. Hauna fomu, hauna dhamana ila uso wa mtu na mdomo wa aliyemleta. Tunausifu kwa jambo hilo. Lakini tuutazame vizuri. Riba yake imefichwa ndani ya bei. Mvua ikinyesha, hasara ni ya mchuuzi. Askari wa jiji wakikamata mzigo, hasara ni ya mchuuzi. Bidhaa ikiisha, faida iliyo nono imekwisha kubaki dukani. Kijana huyu tunamwita mfanyabiashara, na katika hotuba tunampa jina kubwa la mjasiriamali, kumbe kwa kweli ni muuzaji wa tajiri asiyelipwa mshahara. Na akichukua mkopo wa shirika ili anunue mali kwa fedha taslimu, kazi yake haikubadilika hata kidogo. Amebadili mdai tu.

Wafanyakazi wa bandari wanaosoma gazeti hili wanajua habari za wazee wao. Kabla ya kazi za kudumu kuwekwa katika miaka ya 1950, kuli wa Dar es Salaam alikwenda kusimama mbele ya lango kila alfajiri, asijue kama leo atachaguliwa. Makuli waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na mgomo wao wa 1947 ulienea ukawashika wafanyakazi wa mahali pengine pengi katika nchi. Jambo hilo la kusimama langoni bila hakika lilikuwa miongoni mwa yaliyowachoma. Basi tumlinganishe na machinga wa leo. Yeye naye anasimama alfajiri asijue kama leo atapata. Tofauti ni kwamba kuli aliyekosa kazi alirudi nyumbani mikono mitupu, lakini machinga mwenye mkopo akikosa kuuza anarudi na deni. Kuli hakutozwa ada ya kungojea.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni rejesho la kila juma. Tuseme kijana amekopa shilingi 500,000 za kulipa kwa miezi sita. Benki Kuu ya Tanzania imeweka mpaka kwa wakopeshaji wasiopokea amana za watu, kwamba riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya fedha yote ya mwanzo, kila mwezi ni shilingi 17,500, na kwa miezi sita ni 105,000. Basi atalipa 605,000 katika majuma 26, yaani karibu shilingi 23,300 kila juma, kuanzia juma la kwanza. Na ikumbukwe kwamba afikapo nusu ya safari, nusu ya fedha amekwisha irudisha, naye bado anatozwa riba kana kwamba anayo yote mkononi. Lakini hata riba tuiache kando. Twauliza: ni kazi gani hutoa fedha katika siku saba tangu kuanza?

Si kazi ya fundi. Fundi wa vyuma akinunua mashine ya kuchomea, sharti kwanza apate mahali, avute umeme, apate mteja wa kwanza anayethubutu kumpa geti lake. Mteja huyo hulipa nusu mwanzo, nayo nusu hiyo huishia kununua vyuma. Nusu ya pili huja kazi ikiisha, pengine baada ya majuma matatu, pengine baada ya kudaiwa mara tano. Mshona nguo hungojea majira ya shule na sikukuu. Seremala hungojea mbao zikauke. Rejesho la Jumatatu ijayo halingojei lolote katika haya. Kwa hiyo kijana mwenye akili, hata kama ana ufundi mikononi, afanyaje? Ananunua soksi. Soksi huuzwa leo na rejesho hupatikana Jumatatu. Sharti la mkopo limekwisha mchagulia kazi kabla hajafungua kinywa kusema anayoiweza.

Hili si wazo letu tu la mezani. Huko Kolkata, India, wataalamu wa uchumi waliwagawa wakopaji wa aina hii mafungu mawili: fungu moja lilianza kulipa baada ya majuma mawili kama ilivyo desturi, na fungu la pili likaachiwa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miaka ipatayo mitatu, wale walioachiwa miezi miwili walikuwa na faida iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 41 hivi, kwa sababu walipata nafasi ya kuweka fedha katika vitu vya kudumu na kuanza kazi mpya. Ukweli na usemwe wote: walioshindwa kulipa nao walizidi katika fungu hilo. Muda humsaidia aliye na kazi, na humpa mlango aliyetaka kukimbia. Jambo hilo tutalirudia, maana ndilo linalowaogopesha wakopeshaji, wala si woga wa bure.

Ajabu ni kwamba mkopo mdogo haukuzaliwa kwa wachuuzi. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu Muhammad Yunus alitoa mfukoni mwake dola 27 akawakopesha watu 42. Miongoni mwa walioanza kumfumbua macho walikuwa wanawake wenye kutengeneza vigoda vya mianzi. Mwenye mali aliwapa mianzi kwa mkopo, kisha akavichukua vigoda vyao kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Msomaji ataona mara moja kwamba hiyo nayo ni mali kauli. Fedha ya Yunus iliwawezesha kununua mianzi yao wenyewe na kuuza kwa wamtakaye. Walikuwa na kazi na ufundi tangu zamani. Kilichowafunga ni kamba ya mwenye mianzi, nayo ikakatwa. Benki ya Grameen iliundwa rasmi mwaka 1983, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Dunia ikapiga makofi, na katika makofi yale ikasahau vigoda, ikakumbuka mkopo tu. Mwaka 2015 zilitolewa pamoja habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi sita, Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Zote zilionyesha kwa jumla jambo moja: mikopo hii iliwapa watu nafasi zaidi ya kupanga mambo yao, lakini haikuyabadili maisha ya mkopaji wa kawaida, wala mapato ya nyumba hayakupanda kama ilivyoahidiwa.

Hapa hapa Dar es Salaam nako paliwahi kupimwa. Mwaka 2008 wataalamu kutoka Norway waliwachukua wakopaji wa shirika la PRIDE, baadhi wakafundishwa biashara, baadhi wakapewa fedha ya bure isiyorudishwa. Walichokiona ni kwamba fedha peke yake haitoshi kukuza biashara za walio wengi. Mafunzo yaliwasaidia sana wanaume, na wanawake yaliwasaidia kidogo mno. Hili la wanawake lisitushangaze. Mama lishe anayeamka saa kumi ya usiku kupika, kisha arudi jioni kulea na kufua, hata angefundishwa hesabu na profesa, siku yake haina saa ya ziada ya kuitumia elimu hiyo.

Tukisema hivi, wapo watakaotuuliza kama twataka kurudi zamani, Mwafrika asikopeshwe. Hasha. Babu zetu waliishi chini ya sheria ya Mwingereza iliyowahesabu kama watoto wadogo: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika pasipo kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali, hakuweza kulidai deni lake mahakamani. Ilisemwa ni kuwalinda. Kwa kweli iliwafungia mlango wa biashara kubwa wakabaki wauza machungwa. Hatutaki ulinzi wa namna hiyo. Lakini mlango uliofunguliwa leo wapaswa kutazamwa unakotupeleka, maana mtu aliyefungiwa nje na mtu aliyeingizwa shimoni wote hawakufika sebuleni.

Shimo tunalolisema lina jina mitaani: kausha damu. Nalo halikuwapata wachuuzi peke yao, limewapata hata wafanyakazi wenye mishahara, ambao huacha kadi ya benki na namba yake ya siri mikononi mwa mkopeshaji, kisha mwisho wa mwezi huenda kumwomba sehemu ya jasho lao wenyewe. Mama anakopa kulipa ada, anakopa kwingine kulipa rejesho la kwanza, na siku ya siku wanakuja vijana kubeba kitanda na friji mbele ya majirani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wote wawe na leseni na ikawapanga katika madaraja manne, toka wanaopokea amana mpaka vikundi vya kuweka na kukopa vya mitaani. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu iliyapiga marufuku majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila kibali, ambayo baadhi yake ilikuwa desturi kumtangaza mdaiwa kwa ndugu na rafiki zake wote. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Hata hivyo kausha damu haimezi mtu kwa ujanja wa mkopeshaji tu. Humeza kwa sababu mkopaji hana kazi inayoleta kiasi cha kurudisha, na leseni haiwezi kumpa kazi hiyo.

Twaja sasa kwenye fedha ya umma, ambayo juu yake twasema kwa ukali zaidi, kwa kuwa ni yetu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri imetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ni njema. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazina mfano wake. Lakini fedha zilipotea, vikundi hewa vikaonekana, marejesho yakakwama, na mnamo Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo. Ilianza tena Julai 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dar es Salaam likawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kwa njia ya benki. Sisi tulivijua vile vikundi vya watu watano waliojuana siku ya kujaza fomu, wakagawana fedha siku ya kuipokea, na hawakuonana tena. Benki itavichuja, nasi twaamini hivyo. Lakini kama benki nayo italeta mazoea yake ya rejesho la upesi, tutakuwa tumeziba tundu la wizi na kuacha kosa lenyewe palepale: fedha ya umma itarudi salama, na Mtaa wa Kongo utapata wauza soksi wengine mia.

Kuna mahali umbali wa dakika chache kwa miguu toka Mtaa wa Kongo ambapo twapenda maofisa wa mikopo wapate kwenda. Ni Gerezani. Huko kelele ni za nyundo, si za kunadi. Bati linakuwa jiko, ndoo, sanduku la shule. Chuma chakavu kinakuwa mashine ya kukamulia miwa. Na mafundi wa ushirika wa DASICO wanajulikana mbali kwa mikono yao. Fundi mmoja mwenye kazi hufuatwa na wasaidizi wawili watatu wanaojifunza, na kila mmoja ana kazi asiyomnyang'anya mwenzake. Mchuuzi akipata mtaji mkubwa zaidi hununua mzigo mkubwa zaidi. Fundi akipata mashine ya pili hana budi kutafuta mtu wa kuisimamia. Hapo ndipo mkopo unapopunguza ukosefu wa kazi.

Na tusiwadharau wachuuzi kwa kusema haya. Kariakoo inawalisha watu wa Kongo, Zambia na Malawi wanaokuja kununua, na mji unaishi kwa biashara hiyo. Wala hatusahau yaliyowapata machinga: mwaka 1983 Nguvukazi iliwakamata kama wazururaji, Desemba 2018 wakaanza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Mwenye mkopo aliona kibanda kikivunjwa, lakini deni halikuvunjwa pamoja nacho. Atakayemkopesha mtu bila kumhakikishia mahali pa kufanyia kazi anamkopesha nusu.

Basi tuirudie hofu ya wakopeshaji, kwamba ukimpa mtu miezi mitatu atakimbia na fedha. Jawabu liko karibu: asipewe fedha, apewe mashine. Cherehani, mashine ya kuchomea, msumeno wa umeme, na vibaki mali ya Jiji mpaka deni liishe. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ujuzi wa kutosha wa kuchagua mashine na kumfundisha mtu kuitumia. Rejesho na lianze mwezi wa nne, na lilipwe kwa mwezi. Majina ya vikundi, vitu walivyochukua na kiasi walicholipa yabandikwe mlangoni pa ofisi ya kila kata, majirani wasome. Wanawake wa mchezo na wa VICOBA hawana afisa wala benki, na fedha zao hurudi kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ametoa nini. Hatuoni kwa nini Jiji lione haya kujifunza kwao.

Liko na jambo la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi itengwe kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Jiji linalokopesha ndilo hilo hilo linalonunua madawati ya shule, mageti ya zahanati, vitanda, mapipa ya taka na sare za wafagiaji. Kijana mwenye mashine ya mkopo na agizo la madawati 50 mkononi hahitaji kupigiwa simu ya kukumbushwa rejesho. Jiji litakata fungu lake katika malipo kabla hajayapokea. Kwa sasa ofisi inayotoa mkopo na ofisi inayonunua madawati ni majirani wasiosalimiana, na madawati hununuliwa kwa tajiri mwenye kampuni, ambaye naye huenda Gerezani jioni kuagiza yafanywe kwa bei ya chini.

Tunawaomba madiwani wa Jiji la Dar es Salaam, kabla ya kupitisha fungu la mikopo la robo ijayo ya mwaka, waombe waletewe mezani karatasi mbili pamoja: orodha ya vikundi vinavyoomba mkopo, na orodha ya vitu ambavyo Jiji linakusudia kununua. Wazisome bega kwa bega, kata kwa kata, na waanze na Gerezani.